SOMO LA LEO: Kabla hujauza mafuta ya kukuza nywele, yapime kwanza kwenye nusu kichwa

Leo somo ni refu kidogo, chukua daftari au lihifadhi ulisome usiku ukishafunga duka. Kama unauza vipodozi, hili linakuhusu moja kwa moja. Kama unauza kitu kingine, lisome hivyo hivyo, maana njia ya kupima bidhaa ni ile ile.

Mimi nina duka dogo la vipodozi hapa Mtendeli, wilaya ya Kakonko, mkoa wa Kigoma. Wazee bado wanasema Kibondo, kwa sababu Kakonko ilikuwa ndani ya Kibondo mpaka wilaya ilipogawanywa mwaka 2012. Elimu yangu ni kidato cha nne. Sijasomea dawa wala urembo. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa hasara yangu mwenyewe, na kwa kusoma usiku kwenye simu baada ya ile hasara.

HASARA YENYEWE

Nilienda Kahama kufuata mzigo. Muuzaji wa jumla akanionyesha mafuta ya kukuza nywele, chupa nzuri, picha ya dada mwenye nywele mpaka kiunoni. Akaniambia yanatoka kama maji. Nikachukua pisi 48 kwa shilingi 3,500 kila moja, yaani 168,000. Kwa duka langu hiyo ni hela nyingi. Nikapanga kuuza 5,500.

Wiki tatu za kwanza nikauza 19. Nikajiona mjanja kweli. Nilikuwa nawaambia wateja maneno yale yale ya kwenye lebo, kama kasuku: yanaotesha, yanajaza, yanarefusha.

Halafu siku moja akaja mama mmoja, mteja wangu tangu naanza duka, na binti yake wa darasa la pili. Akamvua mtoto kofia. Kichwa kilikuwa na mabaka matatu yasiyo na nywele, yana ukurutu mweupe, na moja lilikuwa limeanza kutoa maji. Kumbe mtoto alikuwa na baka moja dogo, mama akanunua mafuta kwangu, akampaka asubuhi na jioni miezi miwili akisubiri nywele ziote. Hakunifokea. Alisema tu, "Mwanangu, si wewe uliyeniambia yanaotesha?"

Ni kweli, mimi ndiye nilimwambia. Tukaenda wote zahanati. Yalikuwa mapunye. Mapunye ni fangasi, na ya kichwani hayaishi kwa kupaka mafuta wala krimu peke yake, kwa sababu fangasi wanaingia mpaka ndani ya mzizi wa nywele. Yanataka vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa, na kipimo anapanga mtu wa afya. Mtoto alipewa dawa akapona, lakini ile miezi miwili tulimpotezea. Nikamrudishia mama hela yake. Akaja mwingine, kisha wa tatu, nao nikawarudishia.

Hesabu: nilipokea 104,500 kwa zile 19, nikarudisha 16,500, ikabaki 88,000. Nilitumia 168,000. Rafuni zimebaki chupa 29.

KWA NINI HILI LILINIUMA ZAIDI YA HELA

Wengi mnaijua Mtendeli kwa sababu ya kambi. Kambi ya wakimbizi kutoka Burundi ilifunguliwa hapa Januari 2016, kupunguza msongamano wa Nyarugusu kule Kasulu. Mwaka 2021 watu wake wakahamishiwa Nduta, Kibondo. Wakati kambi ipo, wateja walikuwa wengi na wapya kila siku. Ukimuuzia mtu kitu kibovu leo, kesho anakuja mwingine asiyejua. Kambi ilipoondoka tukabaki sisi kwa sisi. Mteja wangu ni jirani yangu, tunakutana kisimani, kanisani, msibani. Ukimdanganya mmoja, jioni wanajua kumi.

Kwa hiyo nikajiuliza: je, haya mafuta yanafanya kazi au hayafanyi? Na nitajuaje? Hapo ndipo somo linapoanzia.

SEHEMU YA KWANZA: JUA NYWELE INAVYOKUA

Huwezi kupima kitu usichokijua. Shika mambo manne:

1. Nywele unayoiona nje haina uhai. Kinachoishi ni mzizi uliomo ndani ya ngozi. Mafuta unayopaka kwenye nywele hayawezi "kuilisha" ile nywele ikakua, kama vile huwezi kulisha ukucha uliokwisha kukatwa. Yanaweza kuilainisha na kuilinda isikatike.

2. Nywele zina msimu. Kila mzizi unakua kwa miaka kadhaa, unapumzika kwa miezi michache, unaiachia nywele ya zamani, unaanza upya. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida kabisa.

3. Nywele zetu hazikimbii. Wastani unaotajwa duniani ni kama sentimita moja kwa mwezi. Mwaka 2001 mtafiti Geneviève Loussouarn wa Ufaransa alichapisha vipimo vyake: nywele za Waafrika aliowapima zilikua kama robo milimita kwa siku, ambayo kwa mwezi ni pungufu ya sentimita moja, wakati za Wazungu zilizidi sentimita moja kidogo. Sasa chupa inayokuahidi sentimita tano kwa wiki mbili, wewe piga hesabu tu.

4. Hili ndilo kubwa kwetu sisi wauzaji. Urefu anaouona mteja ni ukuaji ukitoa kukatika. Nywele za kipilipili zimejikunja, na kila mkunjo ni mahali pa kukatikia. Mtu anakwambia "nywele zangu hazikui", kumbe zinakua kila siku ila zinakatikia kwenye ncha kwa kiasi kile kile. Ni kama duka linaloingiza elfu kumi na kutoa elfu kumi kila siku. Mauzo yapo, mtaji hauongezeki.

Kwa hiyo mafuta yanaweza "kurefusha" nywele kwa njia mbili tofauti: kusukuma mzizi ukue, au kuzuia kukatika. Ya kwanza ni ngumu sana na zinazoiweza ni chache mno. Ya pili hata mafuta ya kawaida yanaweza kusaidia. Muuzaji anayechanganya hizi mbili anadanganya hata kama hajakusudia.

SEHEMU YA PILI: WATAFITI WANAPIMAJE?

Nilisoma namna watafiti walivyopima dawa za kupaka. Usiogope, ni rahisi kuelewa.

Dawa ya kupaka inayojulikana zaidi ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha presha, Marekani ikakiruhusu mwaka 1979. Wagonjwa wakaanza kuota nywele usoni na mikononi. Hapo ndipo wazo la kuipaka kichwani lilipopata nguvu, na mwaka 1988 ikaruhusiwa kule kama dawa ya kupaka kwa upara wa wanaume.

Kuna jaribio moja lililochapishwa mwaka 2002. Wanaume 393 wenye upara waligawanywa makundi matatu: dawa ya asilimia 5, dawa ya asilimia 2, na kimiminika kinachofanana nazo lakini hakina dawa ndani. Walipaka wiki 48, karibu mwaka mzima. Nywele zikahesabiwa kwenye sentimita moja ya mraba. Waliopaka ya asilimia 5 waliongeza nywele kama 19. Asilimia 2 waliongeza kama 13. Na wale waliopaka isiyo na dawa? Waliongeza kama 4.

Rudia kusoma hapo. Waliopaka kitu kisicho na dawa nao waliongeza. Kama ningewauzia hao, wangekuja dukani wananishukuru!

Jaribio lingine lilifanyika Aberdeen, Scotland, likachapishwa mwaka 1998. Hawa walikuwa watu ambao nywele zinatoka kwa mabaka, na si kwa fangasi. Kundi moja likapaka mafuta yenye rozimeri, lavenda na mimea mingine, jingine likapaka mafuta ya kubebea peke yake bila ile mimea. Baada ya miezi saba, watu 19 kati ya 43 wa kundi la kwanza walipata nafuu. Na wa mafuta matupu, 6 kati ya 41 nao walipata nafuu. Ugonjwa huo mara nyingine unapona wenyewe.

Iran nako, mwaka 2015, watu 100 wenye upara walipimwa rozimeri na minoksidili ya asilimia 2. Miezi mitatu ya mwanzo hakuna kilichoonekana. Miezi sita, makundi yote mawili yakaongeza nywele. Tangu hapo mitandaoni kila mtu anauza rozimeri. Lakini jaribio hilo halikuwa na kundi la wasiopaka dawa, kwa hiyo hatuwezi kujua ni kiasi gani kingeongezeka chenyewe. Na lile jaribio la maji ya vitunguu ambalo watu hulitaja sana, lilifanyika Iraq mwaka 2002 kwa watu wachache wenye nywele zinazotoka kwa mabaka. Halikupima mtu anayetaka nywele zifike mgongoni.

Nimetoa mambo matatu humo, yaandike:

- LINGANISHA. Usipolinganisha na kitu kingine, hujapima.
- SUBIRI. Chini ya miezi mitatu usitangaze chochote kuhusu ukuaji.
- HESABU. Macho yanaona kinachotamaniwa. Rula haina tamaa.

SEHEMU YA TATU: NJIA YA NUSU KICHWA

Mimi sina maabara. Lakini kila mtu ana kichwa chenye pande mbili, kulia na kushoto, chakula kile kile, damu ile ile, jua lile lile. Huo ni usawa ambao hata watafiti wanautamani. Hivi ndivyo nilivyofanya, na wewe unaweza.

Vifaa: rula ya shule, chanuo moja la meno mapana, kipande cha kitambaa cheupe, kijiko cha chai, chupa mbili zinazofanana, kalamu ya kuandikia A na B, na daftari.

Watu: tulikuwa wanne. Mimi, mdogo wangu wa kiume, msusi jirani yangu, na rafiki yake mmoja. Wote watu wazima, wote niliwaeleza kwanza wakakubali. Usijaribie mtoto. Usijaribie mjamzito wala anayenyonyesha. Mwenye vidonda au ukurutu kichwani apelekwe zahanati, asipakwe.

Hatua ya 1. Paka tone ndani ya kiwiko, subiri siku mbili. Ikiwasha, ikavimba au ikawa nyekundu, jaribio limekwisha hapo hapo.

Hatua ya 2. Chagua mafuta ya kulinganisha. Mimi nilichagua mise. Kwa wasio wa Kigoma: tunda la mchikichi lina mafuta mawili. Nyama ya nje inatoa mawese mekundu ya kupikia. Kiini cha ndani ya kokwa kinatoa mise, mafuta meusi meusi ambayo bibi zetu wamepaka ngozi na nywele miaka yote, na yanatengeneza sabuni. Nusu lita ya mise ni bei rahisi kuliko kichupa kimoja cha mafuta ya picha.

Hatua ya 3. Wiki mbili za kwanza usipake kitu. Mwishoni, tandaza kitambaa cheupe mabegani, chana kila upande mara ishirini kwa chanuo lile lile, hesabu kilichoanguka. Angalia vizuri: nywele yenye kidoti cheupe kwenye ncha imetoka na mzizi, hiyo ni ya msimu wake. Kipande kifupi kisicho na kidoti kimekatika. Andika kila moja peke yake. Bila hesabu hii ya mwanzo hutajua umetoka wapi.

Hatua ya 4. Kulia mafuta A, kushoto mafuta B, kijiko kimoja kila upande, siku zile zile. Mengine yote yawe sawa: kusuka sawa, kuosha sawa.

Hatua ya 5. Anayehesabu asijue upande upi umepakwa nini. Hapa nilikosea mara ya kwanza. Msusi aliijua mise kwa harufu, akawa anapaka ule upande wa "mafuta ya dukani" kwa upole na kuusugua zaidi, halafu yeye mwenyewe ndiye anahesabu! Nikaanza upya. Tukapanga msusi apake tu, na kuhesabu afanye mtu mwingine siku nywele zimeshaoshwa, harufu haipo.

Hatua ya 6. Kwa ukuaji wenyewe, tumia aliyenyoa. Mdogo wangu alinyoa upara, tukampaka pande mbili, kila baada ya wiki nne tunachukua nywele nyuma ya kila sikio, tunazinyoosha taratibu juu ya rula. Usipozinyoosha, mkunjo utakudanganya.

Hatua ya 7. Miezi mitatu. Ndiyo, mitatu. Mzigo unaweza kusubiri, jina lako likishaharibika halisubiri.

NILICHOKIONA

Kwa mdogo wangu, kulia na kushoto zilikwenda pamoja. Mwezi wa kwanza hazikufika sentimita moja upande wowote. Mwezi wa tatu bado tofauti sikuiona kwenye rula.

Kwa wale wanawake wawili na mimi, vipande vilivyokatika vilipungua sana, karibu nusu ya vile vya mwanzo. Lakini vilipungua PANDE ZOTE MBILI. Mafuta ya 5,500 na mise ya bibi zilitoka sare.

Watu wanne ni wachache na siwezi kusema nimegundua kitu cha dunia nzima. Kwa duka langu lakini jibu lilitosha: ile chupa haikusukuma mzizi. Ilipunguza kukatika, kama mafuta mengine yanavyoweza.

Na hili lina mantiki. Mwaka 2003 watafiti wa India walipima mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli. Nazi peke yake ndiyo iliyopunguza vizuri upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu yanapenya ndani ya nywele badala ya kukaa juu tu. Mise hayakuwemo kwenye jaribio hilo, lakini kwa asili yake yanakaribiana sana na ya nazi. Yote mawili yamejaa asidi ya loriki. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wajinga. Ila hawakuandika kwenye lebo kwamba yanaotesha upara.

SEHEMU YA NNE: MTEJA ANAYEKUJA KWAKO ANA SHIDA IPI?

Siku hizi mtu akiuliza mafuta ya kukuza nywele, sishiki chupa kwanza. Naangalia, nauliza, halafu namweka kwenye kundi.

Kundi la kwanza: zinakatikia katikati na kwenye ncha. Huyu ndiye mteja wa mafuta. Muuzie, mwambie apake zikiwa na unyevu kidogo, apunguze kuchoma kwa pasi ya nywele na asirudie dawa ya kulainisha kila mara.

Kundi la pili: zimeondoka pembeni na mbele ya paji. Mara nyingi hapa tatizo ni kusuka kwa kukaza. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu mwanamke mmoja kati ya watatu ana upara wa kuvutwa nywele, na hatari ni kubwa zaidi ukisuka kwa kuvuta juu ya nywele zenye dawa. Mwambie afumue, apumzishe, na msusi asikaze. Akiwahi, zinarudi. Akichelewa miaka, mizizi inakufa na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Dada anayekunywa paracetamol kila akitoka kusuka, mwambie hiyo ndiyo alama yenyewe.

Kundi la tatu: mtoto mwenye mabaka, ukurutu, vidonda. Usiuze. Narudia, usiuze. Zahanati.

Kundi la nne: zinanyonyoka kichwa kizima ghafla. Anaweza kuwa amejifungua miezi michache iliyopita, au ametoka kuumwa sana. Baada ya kujifungua mara nyingi zinarudi zenyewe ndani ya mwaka. Mtie moyo. Kama hajajifungua na hajui sababu, aende apimwe, inaweza kuwa damu au kitu kingine cha ndani.

Kundi la tano: mwanaume mwenye kipara cha ukubwani. Hapa ndipo minoksidili inahusika, na hiyo ni dawa. Sisi wa vipodozi si yetu. Inatakiwa itumike mfululizo, akiacha, kilichoota kinaondoka baada ya miezi michache, na haifai kwa mjamzito. Mwelekeze kwa daktari au mfamasia.

SEHEMU YA TANO: KABLA YA KULIPIA MZIGO

- Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Ile TFDA ya zamani imekuwa TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo chupa ya kipodozi inayodai kutibu upara jiulize: hiki ni kipodozi au ni dawa? Muuzaji anayejichanganya hapo atakuchanganya na wewe.
- Soma orodha ya viambato. Isiyokuwa na orodha, iache. Zebaki, haidrokwinoni na steroidi zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu.
- Tazama jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha.
- Usianze na katoni. Nunua pisi mbili, pima, halafu rudi. Muuzaji akikwambia "zitaisha", mwache aziuze. Kahama haihami.
- Dai risiti.

MANENO YA KUMWAMBIA MTEJA

Zamani nilisema: "Dada, haya yanaotesha, utaona ndani ya wiki mbili."

Sasa nasema: "Dada, haya hayaotesheshi penye upara. Yanasaidia nywele zisikatike, na zisipokatika utaona urefu. Mpe miezi mitatu. Kwanza jaribu kwenye kiwiko."

Unafikiri mauzo yalishuka? Mwezi wa kwanza ndiyo, yalishuka, tusidanganyane. Nilikaa na zile chupa 29 nikiziangalia. Nikazishusha bei mpaka 4,000 nikaziuza kwa maneno hayo ya kweli, kwa kundi la kwanza tu. Ilichukua miezi mitano. 29 mara 4,000 ni 116,000. Ukijumlisha na ile 88,000 ni 204,000. Faida ya 36,000 kwa miezi yote hiyo, kabla sijatoa nauli. Ndogo, lakini hakuna aliyerudisha hata chupa moja.

Na nikaongeza bidhaa mpya ambayo sikuitegemea: mise iliyochujwa vizuri, kwenye chupa safi. Sijabandika picha ya dada mwenye nywele za kiunoni. Kwenye kibao cha dukani nimeandika tu: MISE, MAFUTA YA NYWELE, YANAPUNGUZA KUKATIKA. Kabla hujaanza kufungasha kitu chako mwenyewe na kukisambaza, pita SIDO na TBS uulize taratibu.

Yule mama alirudi. Si kununua mafuta ya kukuza. Alikuja na binti yake kununua chanuo, nywele za mtoto zimeota vizuri, zimejaa zile sehemu tatu. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nimpake nini?" Nikamwambia, "Mama, zinakua zenyewe. Mise kidogo, na asisukwe kwa kukaza." Akanunua chanuo la shilingi 1,000. Niliipokea ile hela kwa mikono miwili.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua bidhaa moja dukani kwako ambayo unaisifia kila siku lakini hujawahi kuipima. Iwe sabuni, iwe dawa ya panya, iwe mbegu. Andika inaahidi nini. Andika utailinganisha na nini, kwa muda gani, na utahesabu nini. Mambo matatu: linganisha, subiri, hesabu. Ukimaliza, rudi hapa utuambie ulichokiona, hata kama ni hasara. Hasara ya mmoja ikisemwa, inaokoa mtaji wa wengi.

Kama limekusaidia, mtumie mwenzako mwenye duka. Biashara njema.